Maji Yawe ya Kwanza, Samaki Awe wa Mwisho

Wakulima wenzangu wa Kalemng'orok, Katilu na Kainuk,

Siku hizi kila penye kivuli nasikia habari moja tu, nayo ni kuchimba bwawa la samaki. Jambo hili ni jema, wala sina neno baya juu yake. Lakini mwezi uliopita kikundi kimoja kilifika ofisini kwetu na akiba yake yote, kikitaka kuchimba bwawa kubwa karibu na kisima chenye maji ya chumvi, na kununua vifaranga juma lile lile. Mama mmoja akaniuliza, "Bwana Karani, kama fedha hizi ni zako, wewe ungefanyaje?" Siku ile sikumjibu vema, maana watu walikuwa wengi mlangoni. Leo namjibu.

Mama, mimi ningeanza na shimo dogo, na samaki ningewanunua mwisho.

Sisemi hivi kwa kuwa mwerevu. Nilipoanza mimi mwenyewe nilijaza tangi asubuhi, na jioni nikatia samaki 40. Niliwalisha mkono mjazo, nikidhani mwenye kula sana hukua upesi. Siku ya nane asubuhi niliwakuta wote wanaelea. Majirani walidhani nimerogwa, kumbe niliwaua kwa haraka yangu.

Sababu yake ni hii. Samaki hunya na kukojoa katika maji yale yale anayovuta pumzi. Uchafu huo pamoja na chakula kilichobaki hutoa sumu iitwayo amonia. Mwenyezi Mungu ameweka vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo hugeuza amonia kuwa nitriti, na vingine hugeuza nitriti, ambayo nayo ni sumu, kuwa nitrati isiyodhuru sana. Lakini katika maji mapya vijidudu hivyo havijazaliana, navyo huhitaji majuma 4 hadi 6 kuwa vingi vya kutosha. Tena, maji yakiwa ya magadi na ya moto, kama yetu, amonia huwa kali zaidi, na maji ya moto hushika hewa kidogo kuliko ya baridi. Basi kosa linalosamehewa huko Nyandarua huua samaki huku kwetu.

Neno la pili ni chumvi. Vijana wameona katika simu zao masanduku ya vioo yenye samaki wa rangi rangi wa baharini, ambao wengine huvuliwa pwani yetu ya Kenya na kupelekwa ng'ambo. Wanaofuga samaki hao hutia chumvi kama gramu 35 katika kila lita, ndivyo bahari ilivyo. Lakini maji yakipungua kwa kukauka, huongeza maji matamu, si ya chumvi. Kwa nini? Kwa sababu jua huchukua maji na kuiacha chumvi.

Nalikuwa mwalimu zamani, basi tufanye hesabu. Chimba shimo la urefu wa mita 2, upana mita 1 na kina nusu mita. Litachukua lita 1,000. Tuseme maji ya kisima yana chumvi gramu 3 kwa lita; shimoni mna kilo 3 za chumvi. Katika nchi yetu maji yaliyo wazi juani hupungua zaidi ya mita 2 kwa mwaka, kwa hiyo nusu ya shimo hukauka kwa muda wa mwezi mmoja na nusu. Ukijaza tena kwa maji ya kisima umeongeza kilo moja na nusu ya chumvi. Fanya hivyo mara 4, na kabla ya miezi 6 kwisha gramu 3 zimekuwa 9. Hukununua chumvi hata kijiko, lakini imezidi mara 3.

Asiyesadiki na atazame Ziwa Turkana. Mto Omo na Turkwel huingia, wala hapana mto utokao. Maji hutoka kwa kukauka tu, na kwa hiyo yamekuwa na chumvi karibu gramu 2 na nusu kwa lita. Ngege wa ziwa hilo wameyazoea. Ndiyo maana nasema chagua samaki afaaye maji yako, usitafute maji ya kumfaa samaki uliyemtamani. Wenzetu wa Kilifi na Kwale hufuga mwatiko kwa sababu bahari huwaletea maji bure. Sisi tuna ngege na kambale.

Sasa gharama. Shimo ni jasho lako. Tandika nailoni nyeusi isiyotoboka. Simika nguzo za mathenge na uezeke makuti ya mkoma, ili jua lisipige maji mchana kutwa. Tia alama ukingoni mahali maji yalipofika siku ya kwanza. Yakishuka, ongeza maji ya mto, si ya kisima. Kwa majuma 5 tupa chakula kidogo sana kila siku ingawa hamna samaki, ili vijidudu vile vipate kula na kuzaliana. Kisha tia samaki 3. Wakiishi juma mbili, fikisha 10. Siku ya kuwatia, changanya maji yao na yako kidogo kidogo kwa muda wa saa moja.

Wako watakaosema, "Njaa haingoji majuma 5." Ni kweli. Lakini fedha zikifa pamoja na samaki, njaa itangoja miaka. Kumbukeni Kalokol. Kiwanda kikubwa cha kugandisha samaki kilijengwa huko kwa msaada wa Norway, kikafanya kazi muda mfupi tu, kwani gharama za kukiendesha zilikuwa kubwa mno, na Ghuba ya Ferguson ikakauka katika miaka ya 1980. Serikali yenye wataalamu yaweza kustahimili hasara kama hiyo. Kikundi cha akina mama hakiwezi.

Tena shimo hili litatufunza zaidi ya samaki. Mashamba yetu ya mifereji nayo hunywa maji na kubakiza chumvi, hasa pale maji yasipopata njia ya kutoka. Ukiona ukoko mweupe shambani, ujue ni hesabu ile ile ya shimo.

Basi Mama, rudisheni akiba benki, mtoe sehemu ndogo tu ya nailoni. Baada ya miezi 6 njooni na daftari lenu: maji yalishuka kiasi gani, samaki wangapi wako hai. Hapo tutapima bwawa kubwa pamoja, nami nitaishika kamba mwenyewe.