Ujira wa Kazi na Hesabu Yake

Wanafunzi wanapokaribia kumaliza masomo yao huulizana, "Wewe utafanya kazi gani?" Na jawabu likiisha kutolewa, swali la pili hufuata mara moja: "Kazi hiyo ina mshahara gani?" Swali hilo si baya. Kila afanyaye kazi anastahili ujira wake, na nyumba haijengwi kwa sifa. Lakini mtu aulizaye habari ya mshahara tu ni kama mshoni apimaye urefu wa kitambaa akasahau upana; hajui bado kama kitatosha kanzu.

Ujira wa kazi una sehemu nne, na mwenye akili huzitazama zote kabla ya kusema kazi hii ni bora kuliko ile. Sehemu ya kwanza ni fedha anazopokea mtu, si kwa mwezi mmoja, bali kwa mwaka mzima. Ya pili ni gharama ambazo kazi yenyewe humlazimisha kutoa, kama kodi ya chumba na nauli. Ya tatu ni msaada atakaoupata siku asipoweza kufanya kazi, yaani siku ya ugonjwa, ya kuumia, ya kujifungua, na siku za uzee. Ya nne ni ujuzi unaobaki mikononi mwake hata kazi ile ikiisha.

Mambo ya zamani yanafundisha jinsi sehemu hizi zinavyoweza kutengana. Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893, na baadaye mashamba yake yakawa makubwa sana, hasa katika nchi ya Tanga. Watu walitoka mbali kwa mkataba kwenda kuukata, nao wakaitwa manamba, kwa sababu kila mmoja aliandikwa kwa namba yake. Kazi yao ilihesabiwa kwa kipande. Kila siku mtu alipomaliza kazi aliyopimiwa alitiwa alama, na alama 30 zilipotimia ndipo alipolipwa. Tena alipewa posho na mahali pa kulala. Aliyetazama kwa mbali aliweza kusema, "Mtu huyu ana raha, maana hanunui unga wala halipi kodi ya nyumba." Lakini siku aliyolala na homa haikutiwa alama, na mwezi wa kipande ulikuwa mrefu kuliko mwezi wa mbinguni. Basi posho ilikuwapo, bali sehemu ya tatu ilikuwa haba.

Katika mji wa Mombasa mambo yalikuwa kinyume. Huko watu wengi walipokea fedha mkononi, lakini mji wenyewe ulizila. Baada ya vita iliyokwisha mwaka 1945 bei za vitu zilikuwa zimepanda, na vyumba vilikuwa vichache na ghali. Mwezi wa Januari 1947 maelfu ya wafanya kazi wa bandari, wa reli, na wa kazi nyinginezo waliacha kazi kwa siku nyingi, wakidai ujira utakaowatosha kula na kulala. Shilingi ya mjini ina sura moja na shilingi ya shamba, lakini hainunui vitu sawasawa.

Mkulima naye ana habari yake. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walianza chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 wakaunda chama kikuu cha ushirika, KNCU, ili wauze mazao yao pamoja. Fedha za kahawa zilisomesha watoto wengi. Lakini bei ya kahawa haitawaliwi na mwenye shamba. Mwezi wa Julai 1975 baridi kali iliharibu mibuni ya Brazil, na kwa sababu hiyo bei ikapanda sana duniani. Mtu wa Moshi akapata faida kwa msiba wa mtu asiyemjua. Mwaka 1989 mapatano ya mataifa yaliyogawa kiasi cha kahawa ya kuuzwa yalivunjika, na bei ikaanguka. Yeye aliyepalilia vizuri mwaka ule hakulipwa kama alivyopalilia. Kwa hiyo mapato ya mkulima hayapimwi kwa mwaka mmoja wa neema, bali kwa miaka mingi pamoja, mibaya na mizuri.

Sasa na itazamwe hesabu ya mfano, ambayo mwanafunzi yeyote wa madarasa ya juu aweza kuifuata. Karani mmoja katika mji wa Tanzania ana mshahara wa shilingi 300,000 kwa mwezi. Katika hizo, shilingi 30,000 hukatwa na kuwekwa katika mfuko wa hifadhi ya jamii, na mwajiri wake huongeza 30,000 nyingine. Mkononi hupokea 270,000. Hulipa chumba 60,000, nauli 40,000, chakula 100,000, na maji, taa na mkaa 30,000. Jumla ni 230,000, na kinachobaki ni 40,000. Kwa mwaka mzima hubakiwa na shilingi 480,000.

Mwenzake ni fundi mwashi kijijini. Hupata kazi siku 15 katika mwezi, kwa shilingi 15,000 kila siku, yaani 225,000. Nyumba ni yake, na mahindi hutoka shambani kwake. Hivyo hutumia 120,000 tu, na kubakiwa na 105,000. Lakini miezi mitatu ya mvua hakuna ajengaye, na tumbo halijui masika. Katika miezi tisa hubakiwa na 945,000. Katika miezi mitatu hutumia 360,000 bila kupata kitu. Mwisho wa mwaka ana shilingi 585,000.

Aliyetazama fedha za mwezi alisema karani amemshinda fundi, maana 270,000 ni zaidi ya 225,000. Aliyetazama kilichobaki mwisho wa mwaka aona kwamba fundi ndiye aliyetangulia, kwa shilingi 105,000. Je, hesabu imekwisha? Haijakwisha. Katika mfuko wa hifadhi karani ameandikiwa shilingi 720,000 kwa mwaka ule ule, na kama ataendelea kuchangia kwa miezi isiyopungua 180, yaani miaka 15, aweza kupata pensheni uzeeni. Tena, kwa sheria ya kazi ya Tanzania ya mwaka 2004, mfanya kazi hupata likizo ya siku 28 kwa mwaka huku akilipwa. Mama ajifunguaye hupata siku 84. Na mgonjwa aweza kulipwa mshahara kamili kwa siku 63, kisha nusu yake kwa siku 63 nyingine. Lakini fundi akianguka jukwaani akavunjika mguu, ujira wake huanguka pamoja naye siku ile ile. Mkewe hatauliza mumewe alipata kiasi gani kwa siku; atauliza ni nani atakayelipa ada ya watoto.

Basi, je, watoto wote wawe makarani? Hilo ndilo kosa la watu wengi, wadhanio kwamba meza na kalamu ni heshima, na nyundo na jembe ni aibu. Karani ajuaye kazi ya ofisi moja tu, ofisi ikifungwa hurudi nyumbani mikono mitupu. Fundi mwenye kuijua kazi yake huichukua popote aendapo. Wahenga walisema, Kazi mbi si mchezo mwema. Upungufu wa fundi haumo katika kazi yake, bali katika kukosa kinga. Na kinga hiyo yaweza kutafutwa, kwa kuwa hata mtu ajiajiriye mwenyewe aweza kujiandikisha katika mfuko wa hifadhi na kuchangia kwa hiari yake. Fundi wa mfano akiweka 30,000 kila mwezi atatoa 360,000 kwa mwaka, naye atabakiwa na 225,000. Ni fedha kidogo kuliko zile za kwanza, lakini usingizi wake utakuwa mtamu zaidi.

Wengine watasema, "Mtu maskini ataweka akiba ya nini, na hali ya leo haimtoshi?" Maneno hayo yana ukweli, na hayafai kudharauliwa. Kibarua anayepata chakula cha siku moja kwa kazi ya siku moja hana cha kuweka. Ndiyo sababu si haki kumwachia mzigo wote peke yake. Mwajiri amtumiaye kibarua mwaka baada ya mwaka huku akimwita wa muda, ili asimpe likizo wala asimchangie mfukoni, huyo amemkopa bila kumwambia. Mfereji hauchimbwi kwa kalamu, wala gunia halipandi melini kwa barua. Na yasikitisha kwamba mara nyingi wanaoumia zaidi kazini ndio wanaolindwa kidogo kuliko wote.

Iko kazi nyingine isiyotiwa katika hesabu kabisa. Mama achomaye maandazi alfajiri na kuyauza njiani huona shilingi mkobani, akadhani zote ni faida. Hakutoa bei ya unga, mafuta, sukari na kuni, wala hakuhesabu saa zake tangu usiku wa manane. Huenda ana faida nzuri; huenda hana hata kidogo; hajui. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mtoto wake aliyejifunza kujumlisha na kutoa aweza kumwandikia daftari jioni, na huo utakuwa mshahara wa kwanza wa elimu yake kuingia nyumbani.

Kwa hiyo mwanafunzi atakapoambiwa habari ya kazi yoyote, asishangilie upesi wala asidharau upesi. Achukue karatasi, aigawe sehemu nne. Aandike kazi hiyo italeta nini kwa mwaka, itakula nini, itamsaidia namna gani siku ya shida, na itamwachia ujuzi gani. Kisha aulize kama mikono yake na moyo wake vyaipenda, maana kazi ichukiwayo hufanywa vibaya, na ifanywayo vibaya haidumu. Akiisha kuijua hesabu hiyo, achague jembe, nyundo, sindano au kalamu bila kuona haya, na siku atakapokuwa yeye ndiye mwajiri, awalipe wengine kwa hesabu ile ile.