Kitenzi Kinachomhukumu Mama

Mtoto mchanga aliyelazwa akiwa buheri wa afya anapokutwa alfajiri amekata roho, bila homa wala alama yoyote mwilini, swali la majirani aghalabu huwa moja: je, mamaye alimlalia? Mimi ni mwalimu wa isimu, si tabibu, ila kitenzi hicho kinanikera. Kulala hakumdhuru mtu. Kiingize katika kauli ya kutendea, kiwe kulalia, na papo hapo yupo mtenda na yupo mtendewa. Irabu moja imeongezwa, na mama aliyefiwa amekwisha kuhukumiwa. Hukumu yenyewe ni kongwe; imo hata katika kisa cha Mfalme Suleimani na wanawake wawili waliogombea mtoto.

Mnamo 1969 wataalamu waliokutana Seattle, Marekani, waliupa msiba huu jina lisilomshtaki mtu, ambalo kwa Kiswahili twaweza kuliita kifo cha ghafla cha mtoto mchanga. Humkuta mtoto wa chini ya mwaka mmoja, hasa kati ya miezi miwili na minne, na sababu yake haipatikani hata baada ya uchunguzi kamili wa maiti na wa mahali alipofia. Naam, wapo watoto wanaokosa pumzi kwa kulaliwa au kufunikwa, na si haki kulikanusha hilo. Lakini kuwatia wote katika kapu moja ni kuwadhulumu wazazi na kuizika elimu pamoja na mtoto.

Na elimu ipo. Kwa miaka mingi vitabu vya malezi vya Magharibi, kile cha Dakta Benjamin Spock kikiwemo, vilishauri mtoto alazwe kifudifudi. Utafiti wa New Zealand mwishoni mwa miaka ya 1980 ukafichua hatari ya mlalo huo. Uingereza ilianza kampeni mwaka 1991, Marekani 1994, na katika miaka kumi iliyofuata vifo hivyo vikapungua kwa takriban nusu au zaidi. Hapakuvumbuliwa dawa. Wazazi waliambiwa wawalaze watoto chali, basi.

Sioni kwa nini mwanafunzi anayeweza kuchora vyumba vinne vya moyo asijue kwamba nduguye mchanga alazwe chali, juu ya godoro lisilobonyea, pasipo mto wala rundo la blanketi, mbali na moshi wa sigara. Na mwanafunzi huyo akirejea darasani baada ya msiba wa namna hii, mwalimu asimuulize mama alilalaje.