Laptopu Haijazeeka, Imenyimwa Bisibisi

Hapa Kakuma kuna neno moja ambalo limeua laptopu nyingi kuliko vumbi. Neno lenyewe ni "imezeeka." Mashine ikichukua dakika kumi na tano kuwaka, tunasema imezeeka. Ikikwama katikati ya fomu, imezeeka. Kwenye kituo cha vijana ninakofanya kazi, laptopu zilizopewa jina hilo zimefungiwa stoo, kila moja na stika yake na namba yake, na hakuna mtu anaruhusiwa kuzigusa. Zinasubiri mradi mpya ulete zingine. Zikija zingine, baada ya miaka miwili mitatu nazo "zinazeeka." Hivyo ndivyo tunaenda.

Mimi hilo neno nalikataa. Laptopu si punda. Prosesa iliyokuwa inahesabu vizuri mwaka 2014 inaweza kuhesabu kwa kasi ileile leo. Kama mashine iko polepole, kuna kitu ndani yake kimejaa, kimechafuka, kimeharibika au kimezidiwa, na kitu hicho kina jina. Kazi ni kukitafuta. Wengi wetu hatutafuti, na wenye ufunguo wa stoo hawaturuhusu tutafute.

Sema basi una hiyo laptopu nyumbani, chini ya bati, na umeme wa sola unaojua saa ya kukatika. Washa, ngoja itulie, halafu bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Itafunguka Task Manager. Angalia sehemu tatu: CPU, Memory, Disk. Ile imekaa karibu na 100% wakati wewe hujafungua kitu ndiyo yenye kesi. Usitoe hukumu kabla hujasoma hapo.

Kama ni Disk, mara nyingi utakuta ndani kuna diski ya kuzunguka. Sahani zake kwa kawaida zinazunguka mara 5,400 kwa dakika, na kuna mkono mdogo unaokimbia huku na kule kutafuta data. Windows ya siku hizi inaomba vitu vidogo vingi kwa wakati mmoja, na ule mkono hauwezi kuwa kila mahali. Dawa yake ni SSD, diski isiyo na kitu cha kuzunguka. Toa nakala ya kazi zako kwanza, shika bisibisi, badilisha, weka Windows upya. Mashine iliyokuwa inawaka kwa dakika kumi na tano inaweza kuwaka chini ya moja. Hiyo ndiyo dawa kubwa kuliko zote, na SSD ndogo ni shilingi elfu chache, wakati laptopu mpya ni makumi ya maelfu.

Kama ni Memory, basi RAM imejaa. Mashine ya GB 4 haiwezi kubeba kurasa ishirini za intaneti, muziki na programu mbili za kuzuia virusi. Ingia kwenye Startup, zima zile programu zinazojiwasha zenyewe bila kuitwa. Baki na kizuia virusi kimoja. Kama mashine ina nafasi ya kuongeza RAM, ongeza.

Kama ni CPU, na feni inalia kama pikipiki ya kupanda mlima, gusa chini. Ikiwa inaunguza, shida ni joto. Prosesa ikipata moto sana inajipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue. Sasa fikiria Turkana, siku nyingi tunapita nyuzi 35, upepo unaleta vumbi mpaka ndani ya sufuria. Hilo vumbi linaziba feni. Fungua, safisha kwa brashi laini, badilisha ile krimu ya kupitisha joto kati ya prosesa na chuma cha kupoozea, maana ikikauka haifanyi kazi. Na tafadhali, toa laptopu juu ya godoro. Blanketi inaiziba pumzi. Ubao tu unatosha.

Kuna mawili ambayo watu huita virusi na si virusi. La kwanza ni chaja. Baadhi ya laptopu zikiona chaja isiyo yake zinapunguza mwendo wa prosesa kwa makusudi. La pili ni masasisho. Windows inajipakulia kimyakimya, inakula bando lako na diski yako pamoja. Nenda kwenye mipangilio ya mtandao, washa kile kitufe cha "metered connection," itaacha kupakua mambo mengi bila idhini yako.

Haya yote si siri, na katika hizi blok zetu kuna vijana wanayajua vizuri. Sasa kwa nini stoo imejaa?

Kwa sababu msaada wetu umepangwa kwa kununua, haujapangwa kwa kutunza. Bajeti ya mradi ina mstari wa laptopu, wa mafunzo, wa fulana na wa bango. Mstari wa SSD, RAM na brashi hauna. Laptopu mpya ishirini zinapigwa picha vizuri. Laptopu ishirini zilizosafishwa feni hakuna anayezipiga picha. Na ile stika ya mali ya shirika, ambayo iliwekwa ili mashine isiibiwe, imegeuka kuwa kufuli. Fundi mkimbizi akishika bisibisi anaitwa mharibifu. Mashine ikioza stoo, hakuna anayeitwa chochote.

Na vijana wanafundishwa ufundi wa kompyuta kwa picha za ukutani. Wiki sita unaangalia mchoro wa RAM, unapewa cheti, na RAM yenyewe hujawahi kuishika. Wakati huohuo mita chache kutoka darasani kuna stoo yenye mashine mbovu za kujifunzia. Wakubwa, hiyo mnaielezaje?

Nasi wakazi tusijifiche nyuma ya mashirika. Kuna mafundi kati yetu ambao jibu lao kwa kila kitu ni kupiga Windows upya, ya kuibwa kwenye flashi, kisha mashine inarudi nyumbani na takataka mpya. Kuna wengine wanatoa RAM ya mtu wanaweka ndogo. Na kuna wazazi wanaosema ufundi si kazi ya binti. Hiyo nayo ni kufuli, haina stika tu.

Najua majibu yatakayokuja. Watasema, "Mkifungua mtapoteza dhamana." Laptopu iliyokuja ikiwa imeshatumika ofisini miaka mitano ina dhamana gani? Watasema, "Vipuri vitaibiwa." Basi andikeni daftari, namba ya kipuri, jina na sahihi, kama mnavyofanya kwa mafuta ya gari. Watasema data za shirika zimo ndani. Futeni data, kisha tupeni mashine. Watasema vijana waende wenyewe kutafuta vipuri mjini. Hapo ndipo nacheka kwa uchungu. Duka la vipuri la maana liko Kitale au Eldoret, na mkimbizi hatoki kambini bila kibali cha kusafiri. Gari la shirika linapita njia hiyohiyo. SSD kumi zinaingia kwenye mfuko mmoja wa karatasi.

Halafu kuna jibu jipya. Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za karibuni, kwa hiyo laptopu nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2018 zimekataliwa rasmi. Nimeshaanza kusikia, "Unaona? Sasa zimekufa kweli." Hapana. Linux Mint ni ya bure, inaomba RAM ya GB 2 kwa uchache na inatembea vizuri na GB 4. Ina kivinjari, ina programu ya kuandika barua na kufungua nyaraka za Word. Mtoto wa shule anaizoea haraka. Anayechelewa kuizoea mara nyingi ni ofisa.

Kwa nini napiga kelele kwa ajili ya mashine? Kwa sababu fomu za ufadhili wa chuo ziko mtandaoni na zina tarehe ya mwisho. Nimeona msichana mwenye alama nzuri akingoja zamu yake kwenye mashine tatu zinazofanya kazi, na watu thelathini mbele yake, umeme ukakatika, na dirisha la maombi likafungwa usiku uleule. Hakushindwa na mtihani. Alishindwa na diski. Mita chache kutoka alipokaa, nyuma ya mlango wa stoo, kulikuwa na laptopu kumi na moja.

Ninachodai ni kidogo. Kila mradi unaoleta laptopu ulete pia sanduku la vipuri na bisibisi, na uandikwe kwenye bajeti tangu mwanzo. Stoo ifunguliwe siku moja kwa wiki, mafundi vijana wakae na zile mashine wakiwa na daftari la sahihi. Mafunzo ya kompyuta yaanze na mashine mbovu mezani, na cheti apewe aliyeifanya iwake, awe kaka au dada. Na wewe mwenzangu mwenye laptopu nyumbani, kabla hujasema imezeeka, bonyeza zile vitufe tatu kwanza, kisha mwite jirani anayejua. Mashirika yakikataa kufungua mlango, tuendelee kuwauliza kwenye kila mkutano wa jamii, kwa jina na kwa idadi: laptopu kumi na moja, zinangoja nini?