SOMO LISILORUDIWA HUPOTEA

Kila kozi imalizikapo, askari hukabidhiwa cheti, hupigiwa makofi na kurejea kikosini. Daftari lake huingia katika sanduku la bati, na aghalabu halitoki humo hadi atakapoitwa katika kozi nyingine. Hapo ndipo hasara inapoanzia.

Mwaka 1885, mtaalamu wa Kijerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana. Aliona kwamba katika saa moja tu, zaidi ya nusu ya faida ya kujifunza kwake ilikuwa imekwisha kutoweka. Lakini aliona pia kwamba marudio 38 yaliyogawanywa katika siku tatu yalitenda kazi sawa na marudio 68 ya mfululizo.

Jambo hili si geni kwetu. Hakuna ajifunzaye gwaride usiku wa kuamkia sherehe. Kwa nini basi tudhani kwamba huduma ya kwanza au sheria ya ukamataji itadumu kichwani kwa kusomwa mara moja? Majeruhi anayevuja damu hawezi kungoja mwenzake atafute daftari. Na polisi aliyesahau kwamba Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inataka mshukiwa asiyeachiliwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 48 kupita, humdhulumu raia na kuitia doa sare yake.

Tunawasihi makamanda na wakufunzi watenge dakika kumi baada ya paredi ya asubuhi. Somo la leo liulizwe kesho, liulizwe tena baada ya wiki, na tena baada ya mwezi. Liulizwe daftari likiwa limefungwa, kwani kupitisha macho juu ya maandishi humdanganya mtu kuwa anajua, ilhali kukumbuka bila kutazama ndiko kunakoimarisha elimu. Atakayekosea asichekwe wala asiadhibiwe, bali asahihishwe papo hapo. Mwenye kuogopa aibu huficha ujinga wake, nao hufichuka siku ya hatari.

Wako watakaosema kwamba nafasi haipo. Sisi twasema kwamba kufundisha upya kilichosahauliwa chote hula muda mwingi zaidi.

Bunduki husafishwa na kutiwa mafuta hata kama haikufyatuliwa. Elimu ya askari nayo isiachwe ishike kutu.