Sanduku la kikoba na sarafu moja ya Afrika Mashariki

Hivi karibuni nilikaa kwenye kikao cha kikoba kimoja pale Lumemo, Ifakara. Wanachama ni akina mama, wengi wao wakulima wa mpunga. Sanduku lao lina kufuli tatu na kila ufunguo unatunzwa na mtu wake. Siku hiyo mama mmoja alikuwa amechelewesha rejesho. Akapigwa faini mbele ya wote, ingawa yeye ndiye mwenye hisa nyingi kuliko wenzake. Hakubisha. Akalipa, kikao kikaendelea.

Nikatoka pale nikiwaza jambo ambalo labda mtanicheka: sarafu moja ya Afrika Mashariki.

Itifaki ya Umoja wa Fedha ilisainiwa Kampala tarehe 30 Novemba 2013. Tuliambiwa sarafu ingekuwa tayari 2024. Haikuwa, na tarehe ikasogezwa hadi 2031. Masharti yako wazi. Nakisi ya bajeti isizidi asilimia 3 ya pato la taifa, misaada ikiwemo. Deni la umma lisizidi asilimia 50 kwa thamani ya sasa. Mfumuko wa bei usizidi asilimia 8, na akiba ya fedha za kigeni itoshe miezi 4.5 ya kuagiza bidhaa.

Sasa bajeti ya jirani inakuhusu nini wewe? Leo nchi moja ikikopa kupita kiasi, shilingi yake ndiyo inayotetereka kwanza. Sarafu ikiwa moja, kinga hiyo haipo. Mkopaji mmoja akikwama, wenzake ama wanamchangia ama wanaumia pamoja naye. Mama wa Lumemo anaweza kujikuta analipia deni la serikali ambayo hakuipigia kura.

Ndiyo maana masharti peke yake hayatoshi. Nani atapiga faini?

Wazungu walishapita njia hii. Mkataba wa Maastricht wa 1992 uliweka ukomo wa nakisi ya asilimia 3 na deni la asilimia 60. Ujerumani na Ufaransa zikavuka mstari, na Novemba 2003 mawaziri wa fedha wakasimamisha hatua za kuzibana. Wakubwa wakapona. Mwaka 2009 serikali mpya ya Ugiriki ikakiri kuwa nakisi ilizidi asilimia 12, mbali kabisa na hesabu zilizotangazwa awali. Waliolipa ni wastaafu na wafanyakazi waliokatwa pensheni na mishahara.

Na huku kwetu? Mwaka 2023 Kenya ilibadili sheria yake na kuweka ukomo wa deni kwenye asilimia 55 ya pato la taifa, kwa thamani ya sasa. Yaani sheria ya nyumbani inaruhusu zaidi ya itifaki waliyoisaini! Juni 2024 vijana wakaingia barabarani kupinga Muswada wa Fedha, hadi rais akakataa kuusaini.

Siwacheki Wakenya. Sisi pia tunapenda kushika ufunguo wetu wenyewe. Mwaka 1965 Tanzania, Kenya na Uganda zilitangaza kuachana na shilingi ya pamoja iliyotolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, na Juni 1966 Benki Kuu yetu ikafunguliwa. Kila serikali ilitaka kupanga fedha zake kwa mipango yake. Hamu hiyo haijaisha.

Msimamo wangu ni huu: tusikimbizane na 2031. Kwanza hesabu za kila nchi zikaguliwe na chombo kisichowajibika kwa hazina yoyote. Pili, madeni yote yawekwe hadharani, pamoja na ya mashirika ya umma ambayo serikali imeyadhamini. Tatu, faini ianze yenyewe nchi inapovuka mstari, bila kusubiri mawaziri wapigiane kura ya kusameheana. Leo kwako, kesho kwangu, nani atamfunga paka kengele?

Mtasema hiyo ni kuuza uhuru wa nchi. Hoja hiyo naiheshimu. Lakini basi tuwe wakweli, tubaki na shilingi zetu na tufanye biashara kama majirani wema. Kuweka pesa sanduku moja na kukataa faini ndiko nisikokubali.

Wale akina mama wa Lumemo wangeshamaliza kikao hiki zamani. Wewe mwenzangu unaonaje?