Kona ya Jamaa: Nyuma ya nyimbo za Korea



Mabinti zetu wengi wanafuata nyimbo za Korea ya Kusini kwa telefone. Wanajua majina ya vijana saba wa BTS na wasichana wanne wa BLACKPINK, na kila hatua ya kucheza kwao. Sisi wazazi tunasikia kelele tu. Juma hili tuone muziki huo ni nini.

Unaitwa K-pop. Hauna mdundo mmoja kama rumba yetu. Unachanganya rapu, dansi na muziki wa Marekani, na maneno yake ni Kikorea pamoja na vipande vya Kiingereza. Wengi wanahesabu mwanzo wake mwaka 1992, wakati kundi la Seo Taiji and Boys lilipoleta rapu kwenye televizyo ya kwao. Mwaka 2018 BTS ilishika nafasi ya kwanza ya albamu huko Marekani. Hakuna kundi la Korea lililokuwa limefika hapo mbele yake.

Lakini kinachotambulisha K-pop zaidi ni namna inavyotengenezwa. Sosiete ya muziki inachagua watoto na kuwafundisha kuimba, kucheza na lugha za kigeni, mara nyingi kwa miaka mingi kabla ya kupanda jukwaani. Mwimbaji BoA alimsindikiza tu kaka yake kwenye majaribio. Sosiete ikamchagua yeye, akiwa na miaka 11. Albamu yake ya kwanza ilitoka mwaka 2000, akiwa na miaka 13. Wengine wengi wanajifunza na hawafiki popote. Na kwa sosiete nyingi, gharama za mafunzo zinakatwa kwanza, ndipo msanii aone makuta yake.

Mwaka 2009 vijana watatu kati ya watano wa kundi la TVXQ walipeleka sosiete yao tribinali. Mkataba wao ulikuwa wa miaka 13. Mwaka huohuo serikali ikatoa mfano wa mkataba usiopita miaka 7. Mwaka 2014 ikaja sheria ya kulinda wasanii watoto: aliye chini ya miaka 15 asifanye kazi zaidi ya saa 35 kwa juma.

Kwa hiyo, mama, si lazima umfungie binti yako telefone. Kaa naye, tazama naye wimbo mmoja, kisha mwambie: hizi dakika tatu zimekula miaka ya mtoto wa mtu. Hapo atajifunza kuheshimu kazi, na kuuliza bei yake.

Nasi wazazi tuulize pia. Akija mtu nyumbani kuahidi kwamba mwanao atakuwa nyota wa muziki au wa mpira, muulize: Mkataba ni wa miaka mingapi? Makuta yanaingia kwa nani? Mtoto ataendelea na masomo, na atalala saa ngapi? Asipotaka usome karatasi kwa utulivu, au umwonyeshe mtu anayejua sheria, usitie sahihi, hata mtoto akilia siku tatu. Wazee walishasema: mchelea mwana kulia hulia yeye.

Tuonane juma lijalo.