Kabla ya Kupambana na Jodari, Pima Ufito Wako

Barua ya juma hili imetoka Buruburu, Nairobi. Baba mmoja anasema amealikwa na wafanyakazi wenzake kwenda Watamu mwezi wa Agosti kuvua jodari. Ameonyeshwa ufito uliokwisha kutumika, wenye urefu wa futi saba, pamoja na rili kubwa kama sufuria ya ugali, vyote kwa bei ya kutupa. Anauliza kama anunue. Mwanawe aliye katika kidato cha tatu ameongeza mstari wake chini ya barua: mbona wengine huvua samaki hawa wakubwa wamesimama, ilhali katika picha nyingi mvuvi ameketi kwenye kiti?

Nitaanza na swali la kijana, maana humo ndimo limo jibu la baba.

Kiti kile cha nyuma ya boti kilitengenezewa samaki kama nduaro. Mvuvi huketi, akakaza miguu yake mbele, naye nahodha akasaidia kwa kumfuata samaki kwa injini. Ufito ukiwa mrefu si neno, kwa kuwa kiti ndicho kinachobeba mzigo. Lakini wavuvi wa San Diego, kule California, Marekani, walikuwa na shida nyingine. Boti zao zilikuwa zikienda safari za siku nyingi hadi visiwa vya Revillagigedo vya Mexico, kabla uvuvi haujapigwa marufuku huko mwaka wa 2017, wavuvi ishirini au zaidi wakiwa wamesimama ukingoni bega kwa bega. Viti ishirini utaviweka wapi? Na nahodha hawezi kumkimbilia samaki wa mtu mmoja akawaacha wengine kumi na tisa wakikodoa macho. Samaki akishika, ni mvuvi mwenyewe anayemfuata kwa miguu, akipenyeza ufito wake juu na chini ya fito za wenzake. Ndipo ukaja ufito mfupi wa kusimamia, wa futi tano na nusu hadi sita hivi, ambao ulienea sana katika miaka ya 1980.

Jodari naye ana tabia yake. Hapotezi wakati kurukaruka juu ya maji kama sulisuli. Hukimbia, halafu huzama wima, na mwishowe huanza kuzunguka chini ya boti, duara baada ya duara, ubavu wake mpana ukishindana na maji. Kazi ya mvuvi hapo ni kunyanyua. Jodari wa mapezi ya manjano aliye mkubwa kuliko wote katika orodha ya chama cha kimataifa cha wavuvi wa michezo, IGFA, alivuliwa karibu na Cabo San Lucas, Mexico, mwaka wa 2012, na uzito wake ulikuwa kilo 193. Wa kwetu wa Watamu na Malindi aghalabu ni wadogo zaidi, lakini mwenye kilo 40 anatosha kabisa kumtoa mtu mzima jasho la meno.

Sasa wewe mwanafunzi, chukua kalamu, hii ni fizikia ya nguvu na wenzo. Tuseme uzi unavutwa kwa uzito wa kilo 12. Kitako cha ufito kimekaa kwenye kikombe cha mkanda wako wa kiunoni, na mkono wako umeshika sentimita 60 kutoka hapo. Ufito wa futi saba, yaani mita 2.1, ukiwa umelala sawa na maji, mkono wako lazima uvute kilo 42. Ufito wa futi tano na nusu, takriban mita 1.65, utakudai kilo 33. Samaki ni yule yule. Zaidi ya hayo, ufito mzuri wa kusimamia una ncha laini inayopinda upesi, hata wenzo ukazidi kufupika, na shina gumu la kunyanyulia. Ukiwa dukani, usiutikise hewani kama fimbo ya mwalimu. Mwombe mwenye duka ashike ncha, nawe uvute, uone ufito unapindia wapi. Chukua pia kipande cha pamba ukipitishe katika kila pete ya uzi. Pamba ikinasa, pete ina ufa, na ufa huo utakata uzi siku usiyoitarajia. Kama pete ni za magurudumu madogo, hakikisha kila moja linazunguka, kwani chumvi huyagandisha.

Rili ndiyo hula pesa. Ukubwa si hoja. Tafuta iliyo na breki ya wenzo, ile ya kusukuma mbele na kurudisha nyuma, kwa sababu unaweza kuitia alama na kujua uko wapi. Tafuta pia yenye gia mbili: moja ya haraka ya kukunja uzi samaki anapokuja, na nyingine ya polepole lakini yenye nguvu, kama gia namba moja ya matatu inayopanda mlima. Jodari akianza kuzunguka chini yako, gia hiyo ya pili itakuokoa.

Breki hupimwa nyumbani, kwa mizani ya kamba, kabla ya safari. Desturi ni theluthi moja ya nguvu ya uzi. Uzi wa ratili 80 hukatikia kwenye kilo 36 hivi, basi breki ni kilo 12. Uzi wa ratili 50, weka kilo saba na nusu. Uzi wa ratili 130 ungetaka karibu kilo 20, na ni wachache mno wanaoweza kusimama na mzigo huo kwa muda.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui, na mpwa wangu alilijua kwa taabu. Uzi unapotoka, mviringo wa uzi uliobaki kwenye rili hupungua. Ukipungua hadi nusu ya upana wake, kilo zako 12 zimekuwa 24 bila wewe kugusa chochote. Barobaro huyu, mwanafunzi wa chuo, alipoona uzi unakwisha alishikwa na kiwewe, akausukuma wenzo hadi mwisho. Mkanda wa mgongoni alikuwa ameuvaa juu karibu na mbavu, na kulabu zake alikuwa amezifunga kwenye rili. Jodari akazama. Nilimwona kijana akienda ukingoni kwa ncha za vidole, visigino hewani. Baharia alimdaka kwa mshipi wa suruali. Uzi ukakatika, nao wote wawili wakaanguka chali ndani ya karai la chambo. Tulicheka baadaye. Wakati ule hakuna aliyecheka, na mgongo ulimweka kitandani majuma mawili, akakosa mwanzo wa muhula.

Kwa hiyo mkanda ununue kwa makini kuliko ufito. Ule wa nyuma ukae chini kabisa, kwenye makalio, na bamba lenye kikombe likae juu ya mapaja. Urekebishe urefu wa kamba ili ukikunja magoti kidogo na kuegemea nyuma kama anayetaka kuketi, uzito wa mwili ndio uvute, mikono ibaki ya kukunja uzi tu. Nyanyua kidogo, kunja kidogo. Ujizoeze namna ya kufungua kulabu kwa mkono mmoja ukiwa nchi kavu, na mtu wa kukushika awe nyuma yako na kisu karibu.

Juu ya uzi sina mengi. Ule wa kusukwa ni mwembamba na huingia mwingi kwenye rili, lakini haunyumbuki, hivyo mbele yake unganisha nailoni. Usiuzungushe mkononi kamwe. Hukata nyama kama wembe.

Basi, mzee wa Buruburu, huo ufito wa futi saba mwachie mwenyewe. Ni wa kiti, na boti mtakayokodi huenda isiwe nacho. Rili iulizie kama ina gia mbili na breki ya wenzo, na kama breki inaachia uzi taratibu bila kushtukashtuka. Ikiwa hivyo, inunue peke yake. Na ikiwa fedha hazitoshi, uliza mapema boti ina vifaa gani vya kusimamia, uvitumie hivyo, nawe ununue mkanda unaokutosha kiuno. Funga kamba kwenye ndoo ya maji ya lita 10, umpe mwanao ainyanyue kwa ufito kutoka juu ya ngazi, naye aongeze maji kidogo kidogo hadi aombe radhi. Juma lijalo tutazungumzia chambo.